Mashine ya Korosho Isiwafie Mkononi: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Ubanguaji Mtwara na Lindi

Kusini tumewahi kuletewa teknolojia kubwa mara mbili, na mara zote mbili tukabaki na chuma chakavu. Kwanza ulikuja Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kugusa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta, mengi yakiwa mitumba iliyobaki baada ya vita. Ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, ili kubeba karanga ambazo hazikupatikana. Matrekta yaliharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza, spea zilikuwa ng'ambo, na udongo na mvua havikuwa vimepimwa vya kutosha. Mpango ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36, na miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Bandari ndiyo iliyobaki, na ndiyo inayopakia korosho zetu leo.

Mara ya pili ni sisi wenyewe. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho kwa mikopo ya Benki ya Dunia, kwa mitambo ya Italia na Japani. Wakati viwanda vinainuka, korosho zilikuwa zinashuka: kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia mashambani. Mitambo ikakosa ghafi, yaani korosho ambazo hazijabanguliwa. Ambayo haikukosa ghafi ikakosa spea. Wengi wetu tumekua tukipita kando ya majengo yale.

Nimeanza na historia hii kwa sababu kosa lile lile linarudiwa leo kwa udogo wake, katika kikundi cha akina mama Newala au cha vijana Ruangwa. Mashine inakuja, picha zinapigwa, msimu wa kwanza inafanya kazi, msimu wa pili imefunikwa turubai. Mwongozo huu ni kwa kikundi kinachofikiria kununua au kupokea mashine za kubangua korosho. Kipimo ninachokitumia kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kimoja: je, mashine hii mnaweza kuilisha, kuitengeneza na kununua nyingine ikizeeka, kwa fedha ambayo yenyewe imeingiza?

HATUA YA 1: TAFUTENI KAZI INAPOKWAMA

Kabla ya kuulizia bei ya mashine yoyote, kaeni na kazi yenu kwa wiki moja mkiwa na daftari. Kama hamjaanza kubangua, nendeni mkakae kwenye kikundi kingine kinachofanya kazi. Korosho inapita mikono mingi: inaanikwa, inapangwa kwa ukubwa, inachemshwa kwa mvuke, inapozwa usiku kucha, inabanguliwa, inakaushwa kwenye oveni, inamenywa ganda laini, inapangwa madaraja, ndipo inafungashwa. Kwa kila kazi andikeni mambo matatu: watu wangapi, saa ngapi, kilo ngapi.

Ukimaliza wiki, daftari litakuonyesha pale ambapo korosho zinalundikana zikisubiri. Katika vikundi vingi watu hudhani kubangua ndiko kunakochelewesha, kwa sababu ndiko kunakopiga kelele na kuchafua mikono. Mara nyingi kunakokula watu wengi ni kumenya. Ukinunua mashine ya kubangua yenye kasi mara tatu wakati wamenyaji ni wale wale, umeongeza lundo tu kwenye meza yao. Na lundo hilo lina hasara: korosho iliyotoka kwenye oveni ikikaa wazi katika hewa ya pwani yetu hunyonya unyevu, ganda laini hung'ang'ania, na mmenyaji akitumia kisu kwa nguvu korosho inavunjika.

Chunguzeni pia chanzo. Ugumu wa kumenya mara nyingi unaanzia kwenye oveni. Korosho karanga, yaani ile ya ndani iliyokwisha kubanguliwa, inatakiwa ikae kwenye joto la nyuzi 70 hivi za Selsiasi kwa saa 6 hadi 8, trei zikizungushwa juu kwenda chini ili joto lisawazike. Oveni isiyo na kipimajoto inakausha trei za chini hadi kuungua na kuziacha za juu zikiwa mbichi. Kipimajoto kizuri ni bei ndogo kuliko mashine yoyote iliyoko sokoni, na nimeona kikipunguza kazi ya kumenya kuliko mashine. Kwa hiyo teknolojia ya kwanza ya kununua huenda ikawa kipimajoto, kipima unyevu na mizani. Msivione haya vitu vidogo.

Ukubwa nao uangalieni. Korosho zisizopangwa kwa ukubwa zikiingia kwenye mashine yenye visu vilivyowekwa kipimo kimoja, ndogo zinapita bila kupasuka na kubwa zinakatwa pamoja na karanga yake. Ungo wa chuma wenye matundu ya vipimo vitatu au vinne, unaoweza kuchomelewa na fundi wa hapa hapa Masasi, unaongeza korosho nzima kuliko kubadilisha mashine.

HATUA YA 2: HESABUNI GHAFI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Hapa ndipo viwanda vya zamani vilipoanguka, na ndipo ninapoomba msomaji asipite haraka.

Kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa kilo 1 ya korosho karanga iliyo tayari kuuzwa. Chukueni mfano wa kikundi kinachotaka kubangua kilo 200 za ghafi kwa siku, siku 20 kwa mwezi, kwa miezi 6. Hizo ni kilo 24,000, yaani tani 24. Tuseme ghafi ni shilingi 2,500 kwa kilo (bei ya mfano tu, wekeni ya msimu wenu). Mtahitaji shilingi milioni 60 za ghafi. Mashine zote za kikundi hicho zinaweza zisifike hata robo ya fedha hiyo. Na mavuno hayagawanyiki sawasawa kwa mwaka: korosho zinaingia ghalani kuanzia Oktoba, na baada ya Januari zimeshaondoka. Anayetaka kubangua mwezi Mei lazima awe amenunua na kuhifadhi mwezi Novemba.

Sasa ulizeni fedha hiyo itatoka wapi. Zipo njia za kweli. Moja ni kuanza na kiasi mnachoweza, hata tani 3, na kuziuza upesi ili fedha izunguke. Ya pili ni kubangua kwa ujira: mwenye kiwanda au mfanyabiashara analeta ghafi zake, ninyi mnalipwa kwa kilo. Faida yake ni ndogo, lakini mnajifunza kazi bila kufunga mtaji kwenye magunia. Ya tatu ni mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkiomba mkopo huo, andikeni sehemu kubwa iwe ya ghafi. Vikundi vingi huomba mashine peke yake, halafu vinakaa na mashine isiyo na cha kubangua.

Kuhusu namna ya kupata ghafi, nendeni mapema kwenye AMCOS yenu (chama cha ushirika cha wakulima) na ofisi ya Bodi ya Korosho, kabla minada haijafunguliwa. Korosho ghafi zetu zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, kisha zinauzwa mnadani) tangu msimu wa 2007/08, na taratibu za wabanguaji wadogo hutangazwa pamoja na mwongozo wa msimu. Ulizeni, na mpewe kwa maandishi. Msinunue kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya mfumo huo, hata kama muuzaji ni jirani mwenye shida ya ada ya mtoto. Ni kosa kisheria, na anayeumia ni yule yule mnayedhani mmemsaidia, kwa maana ameuza kwa bei ya njaa.

Mnapopokea ghafi, pimeni kabla ya kulipa. Chukueni kilo 1 kutoka magunia mbalimbali, zichanganyeni, kisha mzipasue zote. Tenganisheni nzuri na zilizooza au kusinyaa, mpime nzuri. Mkipata gramu 270 za karanga yenye ganda lake laini, hiyo ni sawa na ratili 48 hivi kwa gunia la kilo 80, na ndiyo lugha wanayotumia wanunuzi wakubwa. Mkipata gramu 220, bei ya gunia hilo haiwezi kuwa sawa na la jirani yake. Unyevu wa ghafi ya kuhifadhi usizidi asilimia 10 kwenye kipima unyevu.

HATUA YA 3: CHAGUENI MASHINE KWA KUIJARIBU NA KOROSHO ZENU

Ipo mashine ya mkono na mguu: mbanguaji anakanyaga, kisu kinapasua, mkono unafungua. Ipo ya mota inayopasua kadhaa kwa pamoja. Na ipo ile inayojiendesha yenyewe kuanzia kulisha hadi kutenganisha. Msifikiri ya mwisho ni bora kwa sababu ni mpya. Inataka ghafi nyingi kila siku, iliyopangwa vizuri kwa ukubwa, umeme usioyumba, na fundi anayeijua. Kwa kikundi cha tani chache, mashine kumi za mkono na mguu zinazofanya kazi ni salama kuliko moja kubwa inayosimama. Ikiharibika moja kati ya kumi, tisa zinaendelea.

Muuzaji atawaambia kasi. Ninyi ulizeni korosho nzima ni ngapi. Fanyeni hesabu hii. Tuseme korosho nzima mnauza shilingi 18,000 kwa kilo na iliyovunjika 10,000. Katika kilo 100, mashine inayotoa nzima 80 inaingiza shilingi 1,640,000. Inayotoa nzima 60 inaingiza 1,480,000. Tofauti ni shilingi 160,000 kwa kila kilo 100, kila zinapotoka. Mashine ya haraka inayovunja inawagharimu fedha hiyo mwaka mzima na hakuna atakayewaletea ankara yake. Ukubwa nao una bei: daraja la W320, ambalo ni korosho 300 hadi 320 kwa ratili moja, huuzwa tofauti na W240 yenye korosho 220 hadi 240. Korosho kubwa ikivunjika mmepoteza zaidi.

Kwa hiyo msinunue kwa kuangalia video. Bebeni kilo 20 za ghafi zenu wenyewe, zilizochemshwa na kupozwa kama mnavyofanya, mpeleke kwa muuzaji au kwenye kikundi chenye mashine kama hiyo. Banguani zote. Pimeni nzima, zilizovunjika, na zilizotoka bila kupasuka. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondokeni.

Baada ya jaribio, ulizeni maswali haya na majibu yaandikwe kwenye mkataba:

- Kifaa gani huisha kwanza, na huisha baada ya kilo ngapi?
- Kifaa hicho kinauzwa wapi karibu na Mtwara, na kwa shilingi ngapi?
- Beringi, mikanda na mota ni za vipimo vya kawaida vinavyopatikana maduka ya spea, au ni vya mashine hii peke yake?
- Nani atakuja ikisimama katikati ya msimu, na kwa siku ngapi?
- Mafunzo ni ya watu wangapi, na yanafanyika kwetu au kwao?

Swali la pili lina uzito wa pekee kwetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 za barabara moja. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara hiyo upande wa Somanga wilayani Kilwa, mabasi na malori yalikwama kwa siku kadhaa. Spea iliyoko Kariakoo siku kama hizo ni sawa na haipo. Nunueni seti moja ya visu, springi, beringi na mikanda siku ile ile mnayonunua mashine, hata ikibidi kupunguza idadi ya mashine. Kisha mpelekeeni fundi wa kuchonga vyuma kisu kimoja na mwombe atengeneze kingine kama hicho kabla hamjakihitaji. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara na Lindi, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, vivyo hivyo. Huko ndiko pa kuanzia kuulizia mafundi na mafunzo.

HATUA YA 4: TENGANISHENI NGUVU YA KUZUNGUSHA NA NGUVU YA JOTO

Watu wengi huuliza, "Tufunge sola?" Jibu linategemea sola iendeshe nini.

Mota ya kilowati 1.5 ikifanya kazi saa 6 inakula uniti 9 za LUKU. Oveni ya umeme ya kilowati 6 ikiwaka saa 8 mfululizo inakula uniti 48. Ikiwa na kifaa cha kuzima na kuwasha chenyewe itapungua, lakini bado joto ndilo linalomaliza fedha. Chukueni risiti yenu ya LUKU, zidisheni kwa bei ya uniti, mtaona. Paneli za kuendesha oveni hiyo pamoja na betri zake zinaweza kuwa ghali kuliko karakana yote. Paneli za kuwasha taa, feni ya chumba cha kumenyea, mizani na kuchaji simu ni jambo linalowezekana na linalolipa. Kwa joto, tafuteni njia nyingine.

Njia iliyo karibu ni maganda ya korosho yenyewe, maana mnayo milima. Lakini yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua. Maganda yaungue kwenye jiko lililofungwa, lenye bomba refu la moshi linalotoka juu ya paa, na moto huo upashe joto boila (chombo cha kutoa mvuke) au hewa inayoingia kwenye oveni bila moshi wenyewe kugusa korosho. Moshi ukiingia kwenye trei, korosho inanuka na mnunuzi anairudisha. Jiko la namna hiyo linapunguza kuni, na katika wilaya ambazo watu wanatembea mbali kutafuta kuni, huo ni uchumi wa kijiji kizima. Maganda yanayobaki yasimwagwe kando ya njia au karibu na kisima. Watoto huyachezea, na midomo yao inababuka.

Kwa anayetumia mota: ulizeni TANESCO kama mlipo pana umeme wa njia tatu kabla ya kulipia mashine inayoutaka. Kama mnao wa njia moja tu, nunueni mashine ya njia moja. Wekeni kifaa cha kulinda umeme unapopanda na kushuka. Mota iliyoungua kwa umeme mdogo haina dhamana kwa muuzaji yeyote niliyemwona.

HATUA YA 5: LINDENI MIKONO NA CHAKULA

Anayebangua hugusa mafuta ya ganda siku nzima. Glavu zivaliwe, na wasioweza kufanya kazi na glavu wapake mikono mafuta ya nyonyo au ya kupikia kabla ya kuanza na kila baada ya mapumziko, wakinawa kwa sabuni mwishoni. Mama mwenye vidole vilivyobabuka hawezi kupika wala kumwogesha mtoto jioni. Gharama ya glavu na mafuta iwe kwenye bei ya kilo, isiachiwe mfuko wa mtu.

Chumba cha kubangua na chumba cha kumenya viwe mbali, vyenye milango yake. Anayetoka kubangua asiende kumenya bila kubadilisha vazi na kunawa. Kufungasha kufanyike unyevu wa korosho karanga usipozidi asilimia 5, kwenye mifuko ya kuondolewa hewa. Usajili wa majengo ya chakula na alama ya ubora viko chini ya TBS, shirika la viwango. Anzeni mazungumzo nao wakati wa kuchora jengo, kwa maana kuvunja ukuta baadaye ni ghali.

HATUA YA 6: WEKENI FEDHA YA MASHINE KWA KILA KILO

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama baada ya miaka 6 mtakuwa na karakana au stoo ya chuma.

Tuseme mashine zenu zote, boila na oveni vimegharimu shilingi milioni 9, na mnataka vidumu miaka 6. Kila mwaka vinazeeka kwa shilingi 1,500,000. Ongezeni matengenezo, tuseme 900,000 kwa mwaka. Jumla ni 2,400,000. Mkibangua tani 24, kila kilo ya ghafi inatakiwa itenge shilingi 100. Mkibangua tani 8 tu, kila kilo inatakiwa itenge 300. Mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni ghafi. Ndiyo sababu nimesema ghafi ihesabiwe kwanza.

Shilingi hizo zitolewe kabla ya gawio, siku ya mauzo, ziingie kwenye akaunti yake yenyewe inayohitaji sahihi za watu watatu. Kwenye vikao mtasikia maneno mazito: fulani amefiwa, shule zimefunguliwa, tukope kidogo kwenye mfuko wa mashine. Shida hizo ni za kweli na zinastahili mfuko wake wa kijamii, hata wa shilingi 2,000 kwa wiki kwa mwanachama. Mfuko wa mashine usiguswe. Mwenyekiti akisimama imara hapa, wenzake watamshukuru msimu wa tatu.

Msaada nao una gharama. Mashine ya kupewa inazeeka sawa na ya kununua. Mradi ukija na zawadi, mshukuruni mtoaji, kisha muulize: iko kwa jina la nani? Spea za miaka miwili zimo? Mradi ukiisha inabaki kwetu? Tunaruhusiwa kuiuza tukipata inayofaa zaidi? Kama majibu hayapo kwenye karatasi, ombeni yaandikwe kabla ya siku ya makabidhiano. Na kama mashine haifai kwa kiasi chenu cha ghafi, ni halali kabisa kuomba fedha hiyo iende kwenye oveni na mtaji.

HATUA YA 7: MASHINE IWE NA MTU NA DAFTARI

Kila mashine iwe na waangalizi wawili waliofundishwa, siyo mmoja. Mmoja akiolewa Dar au akienda shamba, kazi isisimame. Katika vikundi vya akina mama nimeona mtindo wa kumwita kijana wa kiume kila nati inapolegea. Mfundisheni mama anayeitumia mashine kushika spana. Ndiye anayesikia mlio ukibadilika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kila siku: kusafisha mafuta ya ganda kwenye visu, kwa maana yakikauka yanaganda kama lami. Kila wiki: grisi kwenye beringi, kukaza nati, kuangalia mkanda. Kila tani kadhaa, kulingana na mlivyoambiwa na muuzaji: kunoa au kubadilisha kisu. Kwa walio pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, chumvi ya hewa inakula chuma upesi. Msimu ukiisha fungueni visu, vipakeni mafuta, vifungeni kwa nailoni, na mashine isimame juu ya mbao, isiguse sakafu. Walio juu, Newala na Tandahimba, shida yao kubwa ni maji: boila inayochemsha maji ya chumvi au matope inajenga ukoko ndani, kwa hiyo kingeni maji ya mvua kwa ajili yake na muimwage mara kwa mara.

Daftari la mashine liandikwe tarehe, kilo zilizoingia, nzima zilizotoka, kilichoharibika, kilichobadilishwa na bei yake. Mwandishi apige picha ya ukurasa kila Ijumaa na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kikundi. Hiyo inatosha, programu ya kulipia ya mahesabu itafaa mkiwa wakubwa. Kila pakiti iwe na namba ya siku iliyobanguliwa, ili mnunuzi akilalamika mjue ni oveni ya siku ipi, na msitupe mzigo wote. Mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Malipo yapitie namba ya kikundi, yasipitie simu ya mweka hazina.

HATUA YA 8: KIKAO CHA KUFUNGA MSIMU

Mkimaliza kubangua, kaeni siku nzima na madaftari. Tafuteni namba nne: tani zilizobanguliwa, asilimia ya nzima, siku ambazo mashine ilisimama, na fedha iliyomo kwenye mfuko wa mashine. Msomeeni kila mwanachama, hata asiyejua kusoma, na mruhusu aulize.

Kama mashine mlizonazo zilifanya kazi siku zote na bado ghafi ilibaki, hapo kuna sababu ya kuongeza nyingine. Kama zilikaa wiki bila ghafi, fedha iende kwenye ghafi. Kama nzima zimeshuka kuliko msimu uliopita, angalieni visu, kisha mvuke, kisha upangaji wa ukubwa, kwa utaratibu huo. Na kama mfuko wa mashine una chini ya kilichotakiwa, gawio la msimu lipungue hadi ujae.

Kikundi kilichoona mashine haikifai kisione aibu kuikodisha au kuiuza kwa kikundi cha jirani ingali nzima. Vikundi viwili au vitatu vya kata moja vinaweza pia kuchangia boila na oveni moja, kila kimoja kikibangua kwake, kwa sababu boila inaweza kuchemsha za wote asubuhi moja.

Kikao hicho kifanyike mara tu baada ya kumaliza kubangua, mapema iwezekanavyo kabla ya msimu mpya kukaribia. Wakati huo mafundi hawana foleni, kumbukumbu bado ziko kichwani, na spea mkiziagiza zina muda wa kufika kabla ya korosho za Oktoba kuanza kuanguka.